Kurekebisha makomeo yaliyovunjika ndani ya gari la zamani

Kabla ya kushika gundi, tafuta kwanza kilicholivunja komeo. Plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi hukauka na kupoteza unyumbufu, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi ulimi wa komeo hukatika kwa sababu kuna kitu kinausukuma kila siku: droo ya dashibodi imeshindiliwa vitu hadi mfuniko unatutumka, bawaba imelegea upande mmoja na mfuniko umekaa mshazari, au grisi ya zamani imegeuka ulimbo na ulimi haurudi mpaka mwisho. Ukiunga bila kuondoa kisababishi, utakatika tena palepale.

Funga mfuniko taratibu kwa kiganja ukiangalia nafasi iliyo pembeni. Ikiwa ni pana kushoto na nyembamba kulia, tatizo limeanzia kwenye bawaba. Kisha paka ncha ya ulimi wino wa kalamu ya ubao mweupe, funga, fungua, halafu tazama wino umegusa wapi kwenye kikamatio, yaani kile kipande cha upande wa dashibodi ambacho ulimi hunasa. Alama ikiwa pembeni badala ya katikati, au pembezoni kabisa mwa ukingo, umeshapata jibu.

Kama droo imejifunga na mkono wa kuvutia umekatika, usiivunje. Chukua rula nyembamba ya plastiki, ipenyeze kwenye mwanya wa juu usawa wa komeo, bonyeza ulimi huku mtu mwingine akivuta mfuniko. Bisibisi ya chuma huacha kovu lisilofutika kwenye dashibodi. Ukilazimika kuitumia, izungushie utepe kwanza.

Kuitoa droo ni kazi ndogo. Itoe vitu vyote, minya kuta zake za pembeni kuelekea ndani ili vizuizi vipite, chomoa kamba au kipunguza kasi kilicho upande mmoja, kisha ichomoe kwenye bawaba za chini. Magari mengine yana skrubu za nyota au nati za namba 8 au 10. Gari likiwa na mfuko wa hewa wa abiria, mara nyingi huwa juu ya droo hiyo hiyo, kwa hiyo chomoa waya wa hasi wa betri, subiri dakika 10, na usiguse soketi za njano. Siku ya baridi, pasha klipu kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuzivuta, maana plastiki ya zamani ikiwa baridi hukatika bila kuonya.

Sasa jua plastiki uliyonayo, kwa sababu hapa ndipo gundi nyingi hupotea bure. Geuza kipande utafute herufi za aina ya plastiki zilizochapwa nyuma: ABS, PP au POM. Kama hazipo, tumbukiza kijipande kilichokatika kwenye glasi ya maji. PP huelea, ABS na POM huzama. Kati ya zinazozama, futa sehemu isiyoonekana kwa pamba yenye asetoni kidogo: ABS hulainika na kunata, POM haishtuki. ABS inashikika vizuri kwa supagluu, epoksi (gundi ya kuchanganya mirija miwili) au asetoni. PP na POM hazishikiki kwa gundi za kawaida hata ukizisugua vipi, na makomeo mengi yenye utelezi wa asili ni POM. Hizo zinahitaji chuma.

Hata kwa ABS, gundi peke yake haitoshi kwenye ulimi. Ulimi hupokea kishindo kila mfuniko unapofungwa, na mahali ulipokatikia ni shingo nyembamba isiyo na eneo la kutosha la kushikana. Chuma kibebe mzigo, gundi ikishikilie chuma. Hatua ni hizi:

1. Safisha vipande kwa spiriti, acha vikauke, kisha vilinganishe vikavu uone vinakaa sawa. Usisugue nyuso zilizokatika. Chembe zake ndizo zinazovirudisha mahali pake halisi.
2. Toboa tundu la mm 1, kina cha mm 6 hadi 8, kila upande wa mkato. Zungusha keekee ndogo kwa mkono, kwa kuwa drili ya umeme huyeyusha plastiki na tundu hutoka pana.
3. Kata waya wa klipu ya karatasi, ukwaruze kwa msasa namba 120, uupake epoksi na uuingize. Changanya epoksi kwa vipimo sawa vya mirija yote miwili. Ukikosea kipimo huenda isikauke vizuri.
4. Funga kwa utepe na uache saa 24. Epoksi ya dakika 5 inafaa kushikilia tu. Kwa komeo chagua ile inayokauka polepole.
5. Ikiwa nyuma kuna nafasi, laza kipande cha waya kukatiza mkato na ukizamishe kwa ncha ya pasi ya kusoldea mpaka plastiki ikifunike. Fungua madirisha, moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Kwa PP na POM fuata mpango huohuo, ila waya upite kwa kubana na ncha zake zikunjwe upande wa pili, bila kutegemea gundi.

ABS ikiwa imemeguka na kipande kimepotea, kwangua vipande vya ABS visivyo na kazi, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku kucha hadi viwe kama uji mzito, kisha ujaze pengo kidogokidogo. Kila tabaka likauke kabla ya linalofuata. Subiri siku 2 ndipo ukate umbo kwa tupa, maana juu hukauka mapema huku ndani bado ni laini.

Pini ya bawaba iliyokatika ni rahisi kuliko ulimi. Toboa mm 2 kupitia masikio yote mawili kwa mstari mmoja, pitisha kipande cha spoku ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ni mm 2, na ukunje ncha kidogo isichomoke. Tundu likiwa limeliwa na kuwa yai, pini mpya haitasaidia; lizibe kwa epoksi, liache likauke, kisha litoboe upya.

Springi iliyopotea usiibadilishe kwa waya wa kufungia, kwani huo hukunjika na kubaki ulivyokunjwa. Tumia waya wa chuma wa gitaa wa mm 0.5 hivi, uuzungushe kwenye msumari mwembamba kuliko pini yako, maana ukiuachia utajipanua.

Ukirudisha kila kitu, legeza skrubu za kikamatio, sogeza mm 1 kwa wakati, rudia jaribio la wino, ndipo ukaze. Komeo zuri hufunga kwa kidole kimoja. Likihitaji kupigwa, bado halijakaa. Paka grisi ya silikoni tone moja kwenye ulimi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu huacha utando unaokusanya vumbi.

Mkono wa ndani wa kufungulia mlango ni jambo jingine kabisa. Ukivuta na mlango wa nyuma haufunguki, kagua kwanza kufuli ya watoto iliyo ukingoni mwa mlango, kisha ile klipu ya plastiki inayoshika fito au kebo nyuma ya mkono; mara nyingi hiyo ndiyo imekatika, na huuzwa peke yake. Lakini mkono wenyewe ukipasuka usiuunge. Badilisha wote, kwa sababu baada ya ajali ndiyo njia ya kutokea. Ukinunua uliotumika, tazama shingoni: mistari myeupe inamaanisha plastiki imeshaanza kuchanika.