Kuchoronga eneo la urani ambalo wengine walishalichoronga: hatua kwa hatua

Juzi nilimsaidia mjiolojia mmoja kijana aliyekabidhiwa eneo la utafutaji kwenye mabonde ya Bahi na Manyoni, pamoja na furushi la ripoti zilizopigwa taipu. Swali lake lilikuwa moja: shimo la kwanza niliweke wapi? Nilimwambia aliweke mita tatu kutoka kwenye shimo la zamani lenye matokeo mazuri kuliko yote. Hakufurahi. Alitaka kwenda kwenye eneo jipya, na mwenye fedha zake naye alitaka hivyohivyo. Lakini kama hujui namba za zamani zina uzito gani, mashimo mapya nayo utayasoma gizani.

Kwa urani hapa Tanzania, eneo ambalo halijawahi kuguswa ni nadra. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipima mionzi na usumaku nchi nzima, na kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikafuatilia alama zilizoonekana, kwenye miamba ya mchanga ya kale iitwayo Karoo kule Ruvuma na kwenye mabonde ya kalkriti (tabaka gumu la chokaa) katikati ya nchi. Bei ikaporomoka, wakafunga virago. Mwaka 2007 bei ilipopita dola 130 kwa ratili, Waaustralia wakaja: Mantra Resources kule Mto Mkuju, Uranex huku Manyoni. Ikaja ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, Machi 2011, mitambo mingi ya kuchoronga ikazimwa tena. Kwa hiyo ukipewa leseni leo, chukulia kuwa kuna watu wawili au watatu waliokutangulia, kila mmoja na vipimo vyake.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Anzia Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST). Omba ripoti zote za karatasi yako ya ramani ya robo digrii, na za karatasi zinazopakana nayo. Ukipata michoro ya mionzi ya gama iliyopimwa shimoni, kwenye karatasi ndefu, piga picha kila kipande pamoja na kichwa chake, maana aina ya kipimo, kipenyo cha shimo na tarehe vimeandikwa hapo juu. Jedwali la muhtasari peke yake halikufai kitu.

Hatua ya 2: Vibali

Leseni, cheti cha mazingira, barua ya wilaya na ya kijiji. Haya unayajua. Ongeza Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), na uwaone mapema, kabla mtambo haujafika. Watataka kujua nani anasimamia usalama wa mionzi kambini na sampuli zitasafirije.

Kwenye mkutano wa kijiji usiende na lugha ya "hakuna hatari yoyote". Bahi watu wanalima mpunga na kuvua bwawani, watakuuliza kuhusu maji, na wana haki. Pima visima vyao kabla hujachoronga, uwape majibu kwa maandishi.

Hatua ya 3: Tafuta mashimo ya zamani ardhini

Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS yako imewekwa WGS84. Ukiingiza namba za zamani kama zilivyo, utasimama karibu mita 300 kaskazini ya shimo, unazunguka vichakani na kuwalaumu waliokutangulia. Kwenye QGIS, programu ya ramani, chagua namba ya mfumo EPSG 21036 (Arc 1960) kwa Bahi na Manyoni kama mfumo wa asili, kisha badilisha kwenda 32736 (WGS84). Kwa wenzetu wa Ruvuma kuna mtego zaidi: Songea mjini iko kanda ya 36 ya gridi ya UTM, Mto Mkuju uko kanda ya 37, na nimeshaona jedwali moja lenye mashimo ya kanda zote mbili bila alama yoyote.

Mashimo mengine yameandikwa kwa gridi ya kambi tu: mstari 12, kigingi 400. Hapo tafuta kitu chochote kinachoonekana kwenye mchoro wao na kwenye picha ya setilaiti ya leo, kama vile makutano ya barabara, kona ya reli au kilima cha mawe, ukafunge gridi hapo. Pointi tatu ndizo za chini kabisa. Mbili zinaweza kukudanganya.

Ukifika, usitegemee kuona bomba. Mabomba ya plastiki yalishang'olewa zamani, na kigingi cha mbao kilishaliwa na mchwa. Tafuta kifusi: kilima kidogo cha kalkriti nyeupe juu ya udongo mweusi wa mbuga, mahali ambapo chokaa haina sababu ya kuwa juu. Pita na kipima mionzi cha mkononi ukikishika usawa wa goti. Kwenye mbuga tupu sindano inatulia. Juu ya kifusi cha shimo lililopata madini inaruka, hata baada ya miaka arobaini ya mvua. Na waulize wazee. Kila kijiji kina mzee aliyebeba sampuli za Wajerumani, na mara nyingi yeye ni sahihi kuliko ramani.

Shimo ulilolipata kwa macho lipe alama tofauti na shimo ulilolikokotoa tu kwenye kompyuta. Usizichanganye kwenye safu moja.

Hatua ya 4: Mtambo

Kwenye udongo wa mbuga na kalkriti laini, mtambo mdogo wa hewa wenye biti ya kukata unatosha na ni nafuu. Kalkriti ikiwa ngumu kama zege, leta RC ya nyundo, mtambo unaopandisha vumbi la mwamba kupitia ndani ya rodi. Mtambo wa matope siutaki kabisa kwa kazi hii: matope yanapaka madini ya sehemu ya juu ya shimo hadi chini na sampuli inakuja imechanganyika. Lakini mashimo machache yachorongwe kwa biti ya almasi, upate mche wa mwamba mzima kama mche wa sabuni. Utaona karnotaiti, madini ya njano ya urani, imekaa kwenye nyufa au imesambaa kwenye udongo, jambo ambalo vumbi la RC halitakuonyesha.

Choronga kati ya Juni na Novemba. Mvua zikianza Desemba, mbuga inameza hata trekta.

Sampuli ikianza kutoka mbichi, simamisha kazi. Fundi wa mtambo atakwambia "twende tu bosi, zimebaki mita sita". Usikubali. Pulizia shimo, ongeza hewa, na ikishindikana funga shimo hilo.

Hatua ya 5: Shimo pacha

Chagua mashimo ya zamani matano au zaidi: yenye matokeo makubwa, ya kati, na angalau moja lililoandikwa "tupu". Wengi wanasahau hilo tupu, na ndilo linaloweza kukuonyesha kuwa kipimo cha zamani hakikuona kitu. Choronga mita 2 hadi 5 pembeni, kwa kina kilekile na zaidi kidogo.

Usilinganishe kilele na kilele. Zidisha unene kwa kiwango. Mita 2 za ppm (sehemu kwa milioni) 300 na mita 3 za ppm 200 ni urani ileile, ingawa michoro yake haifanani. Kabla ya hapo hakikisha mnazungumzia kitu kimoja, maana ripoti moja inataja U (urani tupu), nyingine U3O8 (oksidi yake). Ukizidisha U kwa 1.179 unapata U3O8. Tofauti ya karibu asilimia 18 inatosha kufanya pacha mzuri aonekane mbovu.

Hatua ya 6: Kupima shimo kwa gama

Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipoishia, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Kipimo kinachoshushwa shimoni hakioni urani. Karibu gama yote inayokifikia inatoka kwa bismuthi-214 na risasi-214, vizalia vinavyokuja mbali sana chini ya mnyororo wa kuoza kwa urani, baada ya radiamu na radoni. Ndiyo maana matokeo huandikwa eU3O8, na hiyo herufi "e" ndogo inasema kuwa hiki ni kiasi *kinacholingana* na gama tuliyoisoma, kama mnyororo umetulia, yaani vizalia vimefikia msawazo na urani. Ripoti za zamani mara nyingi zimeidondosha.

Kwanza, urekebishaji. Kipimo lazima kiwe kimepitishwa kwenye mashimo ya mfano yenye kiwango kinachojulikana, kama yale ya Grand Junction kule Colorado au ya Adelaide, Australia. Cheti kitaje namba ya kipimo *hicho*, kigezo cha kubadilisha midundo kuwa kiwango, na muda mfu, yaani muda ambao kipimo kinakuwa bado kinahesabu mdundo mmoja na hakiwezi kupokea mwingine. Muda mfu ukiachwa, sehemu tajiri zinasomeka maskini kuliko zilivyo. Mkandarasi akikupa cheti cha "aina hii ya kipimo", mrudishie.

Pili, shimo la rejea. Chagua shimo moja karibu na kambi, livike bomba la plastiki, lifunike, na ulipime kila asubuhi kabla ya kazi. Siku mchoro wake ukihama, kazi ya siku hiyo haiendelei mpaka ujue kwa nini.

Tatu, radoni. Ni gesi, nusu yake huoza kila baada ya siku 3.8, na hupenda kukaa shimoni. Ukipima leo baada ya kupuliza hewa, halafu ukapima tena baada ya wiki, unaweza kupata michoro miwili tofauti ya shimo moja. Mimi hupima saa chache baada ya mtambo kuondoka, kisha hurudia shimo moja kati ya kumi siku chache baadaye. Mchoro wa pili ukipanda kwa usawa kuanzia juu hadi chini, hata kwenye mbuga isiyo na kitu, hiyo ni radoni. Ukipanda penye madini tu, usikimbilie kuisingizia radoni. Angalia kwanza kama maji yameshuka.

Maana maji nayo yanakula gama. Chuma kinakula zaidi. Shimo likibomoka ukalazimika kupimia ndani ya rodi, andika hivyo kwenye faili lenyewe, na upime angalau mashimo mawili imara kwa njia zote mbili, ndani ya rodi na wazi, upate kigezo chako mwenyewe badala ya kile cha kwenye vitabu.

Nne, kina. Sifuri ya kebo iko wapi: usawa wa ardhi, au ukingo wa bomba lililochomoza sentimita 40? Kwenye tabaka la madini lenye unene wa mita moja, sentimita 40 zinahamisha karibu nusu ya madini kwenda kwenye mfuko wa sampuli usio wake. Pima kipimo kikipanda, kebo ikiwa imekazwa, mita 2 au 3 kwa dakika. Anayekwambia mita 10 ana haraka ya kwenda kula.

Tano, mionzi isiyo ya urani. Mabonde ya Bahi na Manyoni yamezungukwa na granaiti, na mchanga wake umebeba potasiamu na thoriamu. Kipimo cha jumla kinazihesabu zote. Kama huna kipimo kinachotenganisha nishati, tumia maabara kujua thoriamu ni kiasi gani, ukaitoe.

Sita, na hili ndilo gumu, ni mnyororo usiotulia. Kwenye kalkriti urani inahama na maji kila msimu, radiamu ina njia zake. Ikifika urani mpya leo, inahitaji mamia ya maelfu ya miaka mpaka vizalia vyake vifikie msawazo. Kwa hiyo unaweza kuwa na urani nyingi yenye gama kidogo, au gama kali mahali ambapo urani ilishaondoka. Yote mawili yanaweza kutokea kwenye bonde moja, na hata kwenye shimo moja, juu na chini ya usawa wa maji. Usitafute kigezo kimoja cha eneo zima. Gawa kwa kina na kwa tabaka. Chukua sampuli kavu, zifunge kwenye makopo yasiyovuja kwa siku 21 ili radoni ijae, pima gama yake, kisha sampuli zilezile zipimwe urani kwa kemia au XRF (kipimo cha eksirei). Uwiano wa majibu hayo mawili, kwa kila tabaka, ndio utakaokuruhusu kuzitumia namba za zamani au kuziweka kando.

Siku 21 ni ndefu pale mwekezaji anapopiga simu kila asubuhi. Mpe michoro aangalie, usimpe tani.

Hatua ya 7: Sampuli

Mita moja moja, na kila ishirini weka moja ya kiwango kinachojulikana, moja tupu na moja rudufu. Andika kwa penseli. Wino unafutika kwa jasho.

Hatua ya 8: Vumbi

Hatari kubwa hapa ni kula na kuvuta. Barakoa kwenye saikloni (chombo kinachokusanya sampuli kutoka kwenye hewa ya mtambo), glavu, maji ya kunawa, na hakuna chai wala sigara kwenye uwanja wa sampuli. Wapimaji wote wavae beji za mionzi. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Kwenye uchorongaji uliopangwa vizuri utakuwa mbali sana chini yake, lakini onyesha kwa rekodi.

Hatua ya 9: Kufunga

Mabaki yenye mionzi yarudishwe shimoni, yale makali yaende chini kabisa. Kata bomba nusu mita chini ya udongo, ziba kwa zege, fukia, pita na kipima mionzi mpaka kisome kama mbuga ya jirani. Piga picha kabla na baada, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, na asaini fomu ya kila shimo siku hiyohiyo.