Somo: Kumlea mbwa wa kituo hadi apate wa kumchukua

Vituo vya kuokoa mbwa hujaa upesi. Kinachojulikana zaidi hapa Nairobi ni cha KSPCA, shirika la kutunza wanyama lililoanza mwaka 1910, lakini kituo chochote ni hivyo hivyo: nafasi zikiisha, mbwa hupelekwa kulelewa majumbani. Kabla hujafungua geti, elewa kwamba huyu si mbwa wako, wala si mlinzi wako. Yuko kwako ili ajulikane. Anayekuja kumchukua haridhiki na "ni mbwa mzuri". Anataka kujua kama anafukuza kuku, kama analia akiachwa peke yake, kama mtoto anaweza kupita karibu na bakuli lake.

Hatua ya 1: Makubaliano
Kituo kiandike nani analipa daktari, nani analeta chakula, na usiku wa dharura unampigia nani. Ukiwa mpangaji, ruhusa itoke kwa mwenye nyumba mwenyewe na iwe kwenye maandishi. "Hakuna shida" ya keateka haitakusaidia jirani akilalamika. Na kama ulimwokota mwenyewe barabarani, ulizia kwanza kwa walinzi na mama wa kibanda. Mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao, ila hufunguliwa usiku.

Hatua ya 2: Atengwe wiki mbili
Hata akionekana mzima. Pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kuhara damu kuanza, na virusi vyake huishi kwenye udongo miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui; tumia jiki, kipimo kimoja kwa 30 vya maji, baada ya kuondoa uchafu. Ikiwa mbwa wa pavo aliwahi kufia kwenye ua wako, usichukue kitoto cha mbwa ambacho hakijamaliza chanjo. Omba mbwa mzima aliyechanjwa. Dawa ya minyoo hurudiwa, kwa kawaida baada ya wiki mbili.

Hatua ya 3: Chakula
Aliyekonda hadi mbavu zinahesabika usimjazie sufuria kwa huruma. Mwili uliozoea njaa huweza kuzidiwa na mlo mkubwa wa ghafla hadi mnyama akafa. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, kiasi alichosema daktari. Baadaye ugali na omena au matumbo yaliyochemshwa vinafaa, bila kitunguu. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha; tupa.

Hatua ya 4: Mwache atulie
Usimwogeshe siku ya kwanza, usiite majirani waje kumwona. Aliyekulia mtaani huenda hajawahi kukanyaga vigae wala kusikia televisheni. Wengi hutoroka siku za mwanzo, geti likifunguliwa kwa gari, kwa hiyo hata uani avae kamba. Diwali na mkesha wa mwaka mpya afungiwe ndani kabla fataki hazijaanza.

Hatua ya 5: Mwandike
Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Tafuta daftari. Andika ulichokiona, si ulichokidhania. "Hapendi paka" haimsaidii mtu. "Alimwona paka ukutani, akakaza mwili, nilipomwita akageuka" inamsaidia sana, kwa sababu sasa anajua mbwa huyu huitika. Mjaribu mambo ya maisha ya kawaida: bodaboda ikipita, mgeni akibisha, kuachwa peke yake nusu saa, kupanda gari. Mabaya pia uyaandike. Ukificha kwamba hulinda bakuli lake kwa kunguruma, atapelekwa kwenye nyumba yenye watoto wadogo, na baada ya wiki atarudishwa kituoni akiwa na sifa mbaya ambayo haifutiki.

Hatua ya 6: Kumkabidhi
Aende na chakula alichozoea, cha siku chache, blanketi lisilofuliwa ili akute harufu anayoijua, kadi ya chanjo na daftari.

MASWALI YA WANACHAMA

Rongai: Mume wangu anasema tumfunge mnyororo mchana ili awe mkali, usiku alinde. Kuna ubaya?
Upo. Mbwa wa mnyororo humjui. Unachoona ni hasira ya kufungwa. Ukimrudisha kituoni akiwa mkali, umempunguzia watu wa kumchukua. Kama mnachohitaji ni ulinzi, mwambie baba watoto mtafute mbwa wenu.

Mombasa: Shikamoo. Sisi ni Waislamu. Nitamlea vipi nami naswali?
Marahaba mwanangu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Pwani huyafuata, mate yake ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna la kuosha. Akae uani, awe na vyombo vyake, nawe uwe na kanzu au dera la kumhudumia. La fatwa mwulize sheikh wako.

Kitengela: Amemparura mwanangu kwa meno, damu kidogo tu. Tumpake nini?
Msimpake kitu. Osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali leo hii, siyo kesho. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili karibu kila mara huua. Chanjo ya mapema huzuia. Mbwa asiuawe wala kuhamishwa. Afungiwe, aangaliwe siku 10, na kituo kijulishwe.

Thika: Kupe wamezidi. Jirani kanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe.
Mrudishie. Kipimo cha ng'ombe kikikisiwa kwa mbwa huweza kuwa sumu, zaidi akijilamba. Daktari wa mifugo atakupa ya mbwa kwa uzito wake. Halafu kagua nyufa za ukuta anapolala, maana kupe wa mbwa hutagia humo. Usipoziziba, wiki ijayo utawakuta tena.