Kuondoa Madoa ya Rangi Yanayoletwa na Sumaku kwenye Monita ya Chogo

Monita ya zamani, ile yenye chogo kirefu nyuma, inapoanza kuonyesha doa la kijani kwenye pembe moja au wekundu usioeleweka upande mmoja wa skrini, wengi hudhani kwamba bomba la picha limefikia mwisho wake. Mara nyingi halijafika huko. Ndani yake kuna chuma kilichoshika usumaku, na kasoro ya namna hiyo kwa kawaida huondoka bila kufungua skrubu hata moja.

Shingoni mwa bomba la picha kuna bunduki tatu za elektroni, moja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Elektroni hizo hupita kwenye bamba jembamba la chuma lenye vitundu vidogo sana (katika mabomba ya Trinitron ya Sony, ni nyuzi za chuma zilizosimama wima), kisha hugonga nukta za kemikali inayong'aa, zilizopakwa nyuma ya kioo. Pembe ambayo elektroni zinaingilia kitundu ndiyo inayoamua zitagonga nukta ya rangi gani. Bamba likishika usumaku, hata kidogo, elektroni hupinda njiani na kugonga nukta ya jirani, na hapo ndipo sehemu iliyopaswa kuwa nyeupe hugeuka waridi au kijani.

Kabla ya kufanya lolote, hakikisha kwamba tatizo ni la sumaku kweli. Jaza skrini nzima rangi nyeupe, kisha rangi nyekundu pekee, kwa kuwa juu ya nyekundu madoa huonekana waziwazi zaidi. Usumaku huleta mabaka: sehemu moja imeharibika na nyingine ni nzima. Ikiwa skrini yote imegeuka njano kwa kiwango kilekile, rangi ya buluu haifiki kabisa. Hapo kagua waya wa picha na pini zake, kwa maana pini moja iliyopinda yatosha kuleta hali hiyo. Monita bapa za kisasa hazina bunduki za elektroni, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu.

Ukishathibitisha, tafuta chanzo. Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo inayofanya madoa yarudi baada ya siku chache. Spika zisizo na kinga ya sumaku ndizo za kushukiwa kwanza, kisha feni, transfoma na monita nyingine iliyowekwa ubavuni. Sogeza kifaa kimoja kimoja huku ukiitazama skrini. Doa likihama au likififia kadiri kifaa kinavyosogea, umempata mhalifu, na sharti akae mbali na monita tangu sasa.

Baada ya hapo, tumia koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ambayo watengenezaji wameizungusha kwenye bomba la picha kwa kazi hiihii ya kuondoa usumaku. Monita inapowashwa, koili hupokea mkondo geu (umeme unaobadili mwelekeo tena na tena) mkali unaopungua haraka hadi karibu na sifuri, na ule mvumo mzito unaosikika kwa sekunde chache, pamoja na picha kutikisika, ndiyo ishara kwamba inafanya kazi. Tatizo ni kwamba monita nyingi hazizimwi kikamilifu, bali hulala tu kompyuta inapozimwa, na hivyo koili haipati nafasi. Zima monita kwa swichi yake, chomoa waya wa umeme, subiri nusu saa, kisha iwashe tena. Monita nyingi pia zina chaguo lenye neno Degauss (kuondoa usumaku) au alama ya sumaku katika menyu zake.

Subira hiyo ina sababu. Mkondo wa koili hupunguzwa na kijenzi ambacho ukinzani wake hupanda kinapopata joto, na kisipopoa hakiruhusu mkondo wa kutosha kupita. Kubonyeza tena na tena bila kupumzika hakuongezi chochote. Usumaku ukiwa mkali, rudia mara kadhaa kwa kuachanisha nusu saa. Pia rudia kila unapoigeuza monita kuelekea upande mwingine, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia nao huathiri rangi.

Ikishindikana, kuna koili ya mkononi ambayo mafundi wa televisheni huitumia. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie kabisa, na kadi za benki, kaseti na disketi ziondolewe. Washa koili ukiwa umbali wa mita mbili hivi, ikaribie skrini, izungushe polepole mbele ya kioo chote, kisha rudi nyuma taratibu huku ukiendelea kuizungusha, na uizime ukiwa umefika mbali. Kuizima karibu na kioo huacha usumaku mkubwa kuliko ulioukuta. Usiiache ikiwaka muda mrefu, kwani hupata moto. Wapo wanaojaribu kufuta doa kwa kupitisha sumaku ya kawaida juu ya kioo. Mimi sishauri jambo hilo, kwani aghalabu huongeza madoa.

Doa lisilobadilika hata baada ya koili ya mkononi huashiria bamba lililopinda, mara nyingi kwa sababu monita iliwahi kuanguka, na hilo halina dawa. Kama tatizo ni kwamba mvumo hausikiki kabisa monita inapowashwa ikiwa imepoa, huenda kile kijenzi cha koili kimekufa, nacho hubadilishwa. Mwachie fundi kazi hiyo na umweleze dalili uliyoiona, kwa maana bomba la picha hutumia volti 25,000 hivi, na chaji yake inaweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa.