Jinsi ya kuzunguka vijiji vya kale vya Dordogne, Ufaransa, bila kukimbizana

Wengi wetu tukipata viza ya Schengen tunaenda Paris, tunapiga picha na ule mnara, tunarudi. Paris nzuri sikatai, ila ukiwa na siku nne tano za ziada shuka kusini magharibi mpaka bonde la mto Dordogne, huko kuna vijiji vya mawe vilivyojengwa miaka ya 1200 na watu bado wanaishi humohumo, wanaanika nguo, wanafungua duka la mikate asubuhi kama kawaida.

Kosa ambalo wageni wengi wanafanya, hata mimi safari ya kwanza nililifanya, ni kuandika listi ya vijiji kumi na mbili halafu unavimaliza kwa siku mbili, jioni ukiangalia picha hujui kipi ni kipi. Usifanye hivyo. Chukua bonde moja, lala sehemu moja, vijiji viwili kwa siku vinatosha kabisa.

Pa kulala mi nashauri Sarlat. Kutoka Paris unapanda TGV, yani treni ya kasi, stesheni ya Montparnasse, masaa mawili na kitu uko Bordeaux, hapohapo stesheni unabadilisha unapanda treni ya mkoa mpaka Sarlat, hiyo inaenda polepole, karibu masaa matatu, lakini kaa dirishani maana inapita kwenye mizabibu na baadae inaingia kwenye vilima. Stesheni ya Sarlat iko nje kidogo ya mji wa kale so kama una begi kubwa panga usafiri mapema. Mji wenyewe umepona kwa sababu ya sheria ya 1962 ya kulinda mitaa ya kale, ya waziri André Malraux, na Sarlat ulikuwa kati ya miji ya kwanza kufaidika nayo, ndo maana ukitembea usiku taa zimewaka kwenye zile kuta za rangi ya asali unaona mtaa mzima wa kale, sio nyumba moja moja. Gulio ni jumatano na jumamosi, la jumamosi ndo kubwa. Wahi saa mbili asubuhi, ikifika saa nne huwezi hata kugeuka.

Sasa gari. Bila gari utaona kidogo, mabasi ya vijijini ni machache sana. Beba leseni yako pamoja na ile ya kimataifa, na kama hujazoea gia za mkono buku otomatiki mapema sana kwa sababu huwa zinaisha. Sisi tuliozoea kuendesha kushoto, kule ni kulia, na kwenye kipilefti unazunguka kinyume na ulivyozoea na wa kushoto kwako ndo ana haki, siku ya kwanza jisemee kwa sauti kabisa. Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ukiona kibao chenye jina la kijiji kilichozungushiwa nyekundu hapohapo mwendo ni 50, hata kama hakuna kibao kingine cha spidi, na jina likikatwa na mstari mwekundu ndo umetoka. Nje ya vijiji ni 80, sehemu zingine wamerudisha 90, fuata vibao, tochi zipo. Halafu kwenye vinjia vidogo anayetoka kulia anaweza kuwa na haki hata kama barabara yake inaonekana ya uchochoroni, kwahiyo punguza mwendo.

Na masaa. Huko mchana saa sita mpaka saa nane watu wanakula, maduka mengi yanafunga, na jiko la mgahawa likifunga limefunga. Sehemu moja tulifika saa nane na nusu tukaambiwa hapana kwa upole kabisa, tukashinda na njaa mpaka jioni. Nunua mkate, jibini ya mbuzi na matunda asubuhi, weka kwenye gari. Kwa anayekula halali tu, uliza kila kitu, maana pale mafuta ya bata ndo mafuta ya kupikia, hata viazi maarufu vya Sarlat vinakaangwa nayo. Na ukiingia dukani sema bonjour kabla ya chochote, yani kabla hata ya kuuliza bei. Sisi tuliolelewa na hodi na shikamoo hili halitusumbui, ila nimeona wageni wakiliruka halafu wanalalamika Wafaransa wana roho mbaya.

Tukija kwenye vijiji vyenyewe, jifunze kuvisoma kabla hujapiga picha, utafurahia mara kumi zaidi. Anza na Monpazier. Hiki kilipangwa kwenye ramani kabla ya kujengwa, 1284, na aliyekianzisha ni mfalme wa Uingereza Edward I, kwa sababu enzi hizo sehemu kubwa ya huku ilikuwa chini ya Waingereza. Simama katikati ya uwanja uangalie: mitaa imenyooka, nyumba zinazozunguka uwanja zina matao chini ambapo watu walikuwa wanafanya biashara bila kunyeshewa, na kwenye banda la soko la mbao bado kuna vile vipimo vya zamani vya nafaka. Halafu nenda katikati ya nyumba na nyumba uone ule mwanya mwembamba ambao mtu mzima hapiti. Waliuacha makusudi ili moto ukishika nyumba moja usiruke ya pili. Mimi hapo nilikaa muda mrefu kuliko kwenye ngome yoyote.

Domme ni wa 1281, ila huu ni wa upande wa pili, mfalme wa Ufaransa Philippe III, umejengwa juu ya mwamba na ukifika ukingoni unaona mto wote chini. Nenda asubuhi mapema. Kisha shuka La Roque-Gageac, kijiji kimebanana kati ya mto na jabali, na kwa kuwa kinatazama kusini na jabali linatunza joto wanaotesha migomba na mitende, migomba Ufaransa, nilisimama nikaangalia. Jabali hilohilo 1957 lilimeguka likaua watu, alama yake bado inaonekana. Karibu hapo kuna ngome za Beynac na Castelnaud zinatazamana kuvuka mto, wakati wa vita ya miaka mia kati ya Ufaransa na Uingereza, moja ilikuwa ya Wafaransa na nyingine ya Waingereza. Ukiwa na muda wa kuingia moja tu ingia Castelnaud, kuna silaha za vita za kale na watoto wataelewa.

Usiache Milandes, iko jirani. Ndo kasri la Josephine Baker, mwanamuziki mweusi mzaliwa wa Marekani aliyewafanyia Wafaransa ujasusi wakati wa vita ya pili, alilinunua 1947 akalea humo watoto kumi na wawili aliowaasili kutoka nchi mbalimbali, mwishowe madeni yakamtoa. 2021 Ufaransa ikampa heshima ya Panthéon, lile jengo la Paris la kuenzi mashujaa wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza. Mle ndani kuna magauni yake na nishani zake, tenga nusu siku.

Miezi mizuri ni mei, juni na septemba. Agosti paking zinajaa, na kuanzia novemba sehemu nyingi zinafungwa. Asiyeendesha gari akodi baiskeli Sarlat, kuna njia ya baiskeli imetengenezwa juu ya reli ya zamani kuelekea upande wa Souillac, haina milima mikali na haina magari.