Kukagua migusano ya asidi amino ndani ya protini: tuanze na himoglobini ya sikoseli

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma bayolojia, kemia, maabara au hata kompyuta tu, huu mwongozo ni wenu. Vijana wengi ninaokaa nao hapa Mtwara mjini wanakwama sehemu moja: mtu anachukua protini, anaweka umbali wowote, programu inamtemea orodha ndefu ya jozi, halafu anauliza sasa hii inamaanisha nini. Orodha peke yake haimaanishi kitu, inabidi uje na swali. Swali letu leo ni la kwetu kabisa, maana huku kusini nani asiyeijua familia yenye mtoto wa sikoseli? Kwenye himoglobini yao, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu, imebadilika asidi amino moja tu kwenye mnyororo wa beta, sasa hiyo moja inashikana na nini mpaka seli nzima inapinda kama mundu?

Jibu unaweza kulipata mwenyewe kwa laptopu, bure.

Kwanza tuelewane lugha. Asidi amino ikishaingia kwenye mnyororo wa protini tunaiita residu. Mnyororo ukijikunja, residu zilizokuwa mbalimbali kwenye foleni zinajikuta zimekaa jirani, na huo ujirani ndio tunauita mgusano. Umbali tunapima kwa angstromu, angstromu 10 ni sawa na nanomita 1.

Hatua ya 1: vifaa

Python, Biopython (andika `pip install biopython`), na PyMOL au ChimeraX kwa ajili ya kuangalia kwa macho. Laptopu ikiwa dhaifu tumia Google Colab kwenye brauza. Bando lisikutishe, faili lenyewe ni dogo.

Hatua ya 2: shusha miundo miwili

Nenda RCSB PDB, hifadhi ya mtandaoni ya miundo ya protini, tafuta 2HBS. Hiyo ni himoglobini S (ile ya sikoseli) isiyo na oksijeni, uwazi wa picha angstromu 2.05 (namba ikiwa ndogo picha ni wazi zaidi). Shusha na 4HHB, ambayo ni himoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni, angstromu 1.74. Zote chukua zile za umbizo la PDB. Nimechagua zisizo na oksijeni makusudi, kwa sababu himoglobini S inaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe ikishaachia oksijeni. Na hiyo namba ya uwazi usiiruke, ukiwa na muundo wa angstromu 3.5 huna haki ya kubishana na mtu kuhusu tofauti ya angstromu 0.2.

Hatua ya 3: jua kilichomo kwenye faili kabla hujapima

Ndani kuna protini, kuna hemu zenye chuma, kuna na maji. Kwa swali letu tunabaki na protini. Mnyororo wa alfa una residu 141, wa beta 146, hesabu uhakikishe. Himoglobini moja ina minyororo minne, alfa mbili na beta mbili, na 2HBS ina minyororo 8, yaani molekyuli mbili nzima za himoglobini zimelala ubavu kwa ubavu, na ndiyo sababu inatufaa. Ukichukua mnyororo mmoja ukauchambua peke yake hutaona ugonjwa hata kidogo, maana ugonjwa wenyewe uko kati ya molekyuli na molekyuli.

Halafu kuna mtego wa namba. Kwenye faili la PDB badiliko lipo nafasi ya 6, glutamati imekuwa valini. Kwenye ripoti za jenetiki za siku hizi utakuta limeandikwa nafasi ya 7, kwa sababu wao wanahesabu na methionini ya mwanzo ambayo baadaye inakatwa. Ni kitu kilekile.

Hatua ya 4: amua unaita nini mgusano

Hapa msikilize vizuri. Hakuna umbali mmoja ambao Mungu ameuandika, kuna umbali unaofaa kwa swali lako. Ukitaka ramani ya jumla ya protini ilivyojikunja, watu wanapima kutoka Cβ (kaboni ya kwanza ya mkono wa residu) ya residu moja mpaka Cβ ya nyingine (glisini haina Cβ, unatumia Cα, kaboni ya kwenye mnyororo wenyewe) na wanakata kwenye angstromu 8. Inafaa kwa umbo ila haikwambii kama mikono ya residu imegusana kweli, zinaweza kuwa jirani ila moja imetazama kaskazini nyingine kusini. Ukitaka kujua nani kamshika nani, pima atomu zote zisizo hidrojeni na ukate kwenye 4 mpaka 4.5. Bondi ya hidrojeni, umbali kati ya anayetoa na anayepokea usizidi kama 3.5. Daraja la chumvi, yaani chaji chanya na chaji hasi, chini ya 4. Sisi tunatafuta kushikana, kwa hiyo tunatumia 4.5.

Kingine, majirani wa kwenye foleni watakujazia orodha bure. Residu ya 20 na ya 21 lazima zigusane, zimeunganishwa! Kwa hiyo ndani ya mnyororo mmoja tunaruka zote zenye tofauti ya namba chini ya 4. Ila kati ya minyororo tofauti usiruke kitu.

Hatua ya 5: msimbo

```
from Bio.PDB import PDBParser, NeighborSearch

muundo = PDBParser(QUIET=True).get_structure("hb", "4hhb.pdb")
atomu = [a for a in muundo[0].get_atoms()
         if a.get_parent().id[0] == " " and a.element != "H"]

def jina(r):
    return r.get_parent().id + ":" + r.get_resname() + str(r.id[1])

for r1, r2 in NeighborSearch(atomu).search_all(4.5, level="R"):
    m1, m2 = r1.get_parent().id, r2.get_parent().id
    if m1 == m2 and abs(r1.id[1] - r2.id[1]) < 4:
        continue
    print(jina(r1), jina(r2))
```

Ile sehemu ya `id[0] == " "` ndiyo inayotupa maji na hemu, usiifute.

Hatua ya 6: ipime kwa jibu linalojulikana

Ndiyo maana nimeanza na 4HHB. Himoglobini isiyo na oksijeni ina madaraja ya chumvi yanayojulikana tangu enzi za Max Perutz, mwanasayansi aliyegundua umbo la himoglobini: histidini 146 ya beta inashikana na aspatati 94 ya mnyororo uleule, na ncha yake inashikana na lisini 40 ya alfa. Zitafute kwenye orodha yako, HIS146 na ASP94, HIS146 na LYS40. Zipo? Endelea. Hazipo? Simama hapohapo urekebishe msimbo, usiende mbele na orodha usiyoiamini.

Hatua ya 7: sasa 2HBS, tafuta valini ya 6

Badilisha jina la faili, chuja mistari yenye valini ya 6. Angalizo: ukitafuta maandishi "VAL6" kihivihivi utavuta na VAL60 na VAL67 ambazo nazo zipo kwenye beta, kwa hiyo linganisha jina na namba kamili, `r.get_resname() == "VAL" and r.id[1] == 6`. Alfa haitakusumbua, nafasi yake ya 6 ni aspatati.

Sasa tenga majirani wa ndani ya molekyuli yake na majirani wa molekyuli nyingine. Unachotafuta ni valini ya 6 iliyokaa karibu na PHE85 na LEU88 za beta ya molekyuli ya pili, ambazo zinatengeneza kama shimo. Wala usishtuke ukikuta valini nyingine ya 6 haimo kwenye shimo hilo, kwenye nyuzi za sikoseli kila molekyuli inaingiza valini moja kati ya mbili ilizonazo. Na kumbuka miundo hii inatoka kwenye kristali, yaani molekyuli zilizopangwa kwa safu zinazojirudia, kwa hiyo majirani wengine hawamo kwenye faili, wanapatikana kwa ulinganifu, yaani kwa kurudia safu hizo. Kwenye PyMOL waite hivi:

```
fetch 2hbs
symexp jirani, 2hbs, 2hbs, 5
```

Hatua ya 8: angalia kwa macho

Hii watu wanairuka na mimi siikubali. Onyesha valini ya 6 kwa rangi moja, fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 kwa rangi nyingine, washa uso wa protini uzungushe taratibu. Utaona valini imetulia shimoni kama kete kwenye shimo la bao. Glutamati iliyokuwepo mwanzo ina chaji hasi, inapenda maji, pale isingekaa. Valini ni ya mafuta, inakimbia maji, na lile shimo kuta zake ni za mafuta vilevile. Molekyuli ikashika molekyuli, ikashika nyingine, uzi ukarefuka mpaka seli ikapinda. Jamani mtoto analia usiku mzima kwa maumivu ya mifupa, na chanzo chake unaweza kukiwekea kidole kwenye skrini.

Sasa ukiwa palepale angalia residu iliyo katikati ya 85 na 88, yaani treonini ya 87. Kwenye himoglobini ya kichanga, mnyororo wa gama una glutamini nafasi hiyo ya 87, na himoglobini ya kichanga haiingii vizuri kwenye zile nyuzi, ndiyo maana mtoto wa sikoseli miezi ya mwanzo huwa hana shida, na dawa ya hydroxyurea inasaidia kwa kuipandisha himoglobini hiyo. Watafiti wakachukua beta wakaiwekea glutamini pale 87, na tiba ya jeni yenye beta hiyo, Lyfgenia, iliruhusiwa Marekani Desemba 2023. Bei yake kwa sasa sisi hatuifikii, ila wazo lake ndilo hili unaloliona hapa, kuharibu mgusano mmoja.

Zoezi: kwenye PyMOL fungua kifaa cha mutagenesisi, badilisha treonini 87 iwe glutamini, jaribu mielekeo yote ya mkono wake uone ipi inagonga wapi. Hifadhi muundo mpya, rudia hatua ya 5, linganisha orodha mbili. Kumbuka hapo umebadilisha residu moja na protini yenyewe hujairuhusu ijipange upya, kwa hiyo chukulia kama dokezo, sio ushahidi.

Na orodha ukimpelekea mwalimu au mwenzako, juu yake andika faili ulilotumia, umbali uliokatia, atomu ulizopima na majirani uliowaruka. Asipokuwa na hivyo vinne hawezi kurudia kazi yako.