Mpango wa mwaka wa jumuiya ya wafanyabiashara: anzeni barabarani, malizieni mkutanoni

Jumuiya nyingi za wafanyabiashara huandika mpango wa mwaka siku tatu kabla ya mkutano mkuu. Katibu anachukua wa mwaka jana, anabadilisha tarehe, anaongeza "kuboresha usafi" na "kuimarisha ulinzi", kisha wajumbe wanapiga makofi. Ikifika Aprili maji yameingia madukani, na hakuna anayekumbuka ni nani alitakiwa kuzibua mtaro.

Haya yanawahusu viongozi wa jumuiya za katikati ya mji. Mifano inatoka Kariakoo, Dar es Salaam, ambako fremu (vyumba vya maduka), stoo, wamachinga, mikokoteni na makontena vinagombania barabara ileile. Aliyeko Mwanza, Arusha au Mbeya abadilishe majina ya mitaa na majira ya mvua. Utaratibu ni uleule.

Agosti: zungukeni mtaa kwa miguu

Mpango unaanza na daftari la kaunta na watu watatu: mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja anazungumza na wenye maduka. Zungukeni mara tatu kwa siku tofauti: saa 2 asubuhi maduka yanapofunguliwa, saa 8 mchana mizigo inaposhushwa, na saa 3 usiku. Mtaa wa mita 200 unakula saa moja na nusu ukifanywa vizuri.

Chora safu hizi kwenye daftari: jina au namba ya jengo, fremu zilizofunguliwa, fremu tupu, hali ya mifuniko ya mtaro, taa, mtungi wa kuzimia moto, mlango wa nyuma. Andikeni namba, msiandike "nyingi" wala "baadhi". "Taa haziwaki" ni lawama. "Taa 4 kati ya 11 haziwaki, nguzo ya pili, ya tano, ya sita na ya tisa kutokea upande wa Msimbazi" ni kazi ambayo fundi anaweza kupewa.

Hapa kuna kosa linaloharibu hesabu ya mwaka mzima: kuhesabu milango. Fremu moja ya Kariakoo inaweza kuwa na wapangaji watatu au wanne ndani, kila mmoja na meza yake na simu yake ya biashara. Wote wanatumia mlinzi na mtaro, lakini kwenye orodha ya jumuiya lipo jina moja tu. Ingieni ndani muulize. Waandikeni pia mawinga, yaani madalali wanaowaletea wenye maduka wateja, wanaoshinda mtaa huo na wamachinga waliopanga mbele ya maduka, kwa sababu hakuna mpango wa njia utakaosimama kama hawakuwemo tangu mwanzo.

Ipangeni kazi kwa kalenda ya mji

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Halmashauri huandaa bajeti yake miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda, na Baraza la Madiwani huipitisha mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Maana yake ni kwamba ombi la taa, vyoo au dampo likifika kwa mtendaji wa kata Machi, limechelewa mwaka mzima. Lifike ofisi ya mtaa Septemba, na Oktoba liwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, huku diwani ana nakala mkononi.

Kisha wekeni mvua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Mitaro isafishwe Septemba na Februari.

Halafu misimu ya kuuza. Novemba na Desemba watu hawaji mikutanoni. Wageni wa Zambia, Kongo na Komoro wako mjini, na Januari inaingia na sare na madaftari ya shule. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hivyo msinakili tarehe ya mwaka jana. Kwa sasa msimu wa Idi unaangukia karibu na mwanzo wa masika, na hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza mtaro Februari.

Mwisho, kodi. Kwa anayefunga hesabu Desemba, awamu za kodi ya mapato ni Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Msipange kukusanya mchango mkubwa wiki hizo. Semina ya kodi iwekwe wiki tatu kabla ya Machi 31, wakati mtu bado ana nafasi ya kurekebisha makadirio yake.

Mtaro, kazi inayoonekana rahisi na kufeli kila mwaka

Pigeni hesabu ya tope kabla ya kuita vibarua. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na tope la kina cha sentimita 20, kwa urefu wa mita 200, una mita za ujazo 24. Tipa inayobeba mita 6 itakwenda safari nne. Jumuiya nyingi hukodi safari moja, tope linalobaki linarundikwa ukingoni "likauke kwanza", na mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Tope liondoke siku ileile. Kama hela inatosha safari mbili, safisheni mita 100 na mzimalize.

Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa sentimita 10 una uzito wa kilo 86 hivi. Unahitaji mitaimbo miwili na watu wanne. Mtu mmoja akijaribu kuupindua peke yake, ama mfuniko unavunjika au vidole vinaondoka. Agizeni mifuniko ya akiba kabla ya kazi kuanza, walau mmoja kwa kila ishirini, maana iliyopasuka itaonekana tu ikishanyanyuliwa. Shimo lililoachwa wazi usiku mmoja katika mtaa wa mikokoteni na wapagazi ni mguu wa mtu.

Anzeni chini, maji yanakoishia, mkipanda kuelekea juu. Ukianzia juu, tope ulilolilegeza linateremka na kuziba mbele yako. Gumboots na glavu kwa kila kibarua ni sehemu ya gharama. Mkikuta bomba la jengo linalomwaga maji taka mtaroni, pigeni picha, andikeni jengo, pelekeni taarifa DAWASA, mamlaka ya maji na maji taka ya Dar es Salaam. Msilizibe wenyewe: maji yatarudi juu kwenye vyoo vya wapangaji ambao hawana kosa.

Kabla ya barua yoyote, jueni mtaro ni wa nani. Barabara nyingi za mitaani mjini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pamoja na mifereji yake. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Taka na usafi ni halmashauri. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika inaweza kulala miezi miwili bila mtu kuikataa.

Moto

Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, liliungua. Hakuna mpango wa mwaka wa mtaa wa biashara unaostahili kupitishwa bila ukurasa wa moto.

Jaribio la kwanza halina gharama. Chukueni kamba ya mita 3.5, watu wawili waishike ncha zake, watembee nayo katikati ya barabara kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtaa saa 8 mchana. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 na linahitaji nafasi ya kupita na kufungua milango. Kila mahali kamba inapokunjwa na meza, kirikuu (gari dogo la mizigo) kilichoegeshwa au marobota ya mitumba, andikeni. Kaeni na viongozi wa wamachinga na wenye maduka pamoja, mkubaliane mstari, kisha upakwe rangi siku hiyohiyo mbele ya wote. Mstari uliopakwa na upande mmoja huvukwa ndani ya wiki. Na semeni ukweli: mara nyingi aliyevuka mstari wa kwanza ni mwenye duka aliyetoa sampuli zake nje, machinga akafuata.

Kila fremu iwe na mtungi wa unga mkavu wa kilo 6. Maduka ya vifaa vya umeme yaongeze wa gesi ya kaboni dioksaidi. Utundikwe karibu na mlango, kamwe usiwe nyuma ya stoo, kwa kuwa hakuna atakayekimbilia kwenye moto kuufuata. Mara moja kwa mwezi tazama mshale uko kwenye kijani, na mtungi wa unga ugeuze kichwa chini mara kadhaa ili unga usigande. Huduma ya fundi ni kila mwaka. Wafundishe wauzaji wenyewe, maana mwenye duka mara nyingi hayupo: vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana, pepesa kulia na kushoto. Mtungi huo haumalizi hata nusu dakika. Ukiisha na moto haujazimika, tokeni.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika. Moja ni funguo: moto wa usiku hukuta mageti yamefungwa kwa makufuli matatu na mlinzi hana namba ya mtu. Orodha ya wenye funguo, majina mawili kwa kila jengo, iwe kwa mlinzi na kwa katibu, na ipitiwe kila miezi mitatu. La pili ni nyaya: waya mmoja wa kuongezea wenye soketi nne ukilisha pasi, jiko la chai na feni, huku umefunikwa na vitambaa, hupata moto taratibu bila kukata fyuzi. Namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani kwa rangi.

Majengo nayo yaingie humuhumu. Ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024 liliua watu waliokuwa kazini kama siku nyingine. Mkiona jengo linachimbwa chini au nguzo zinaguswa huku wapangaji wako ndani, tafuteni kibao cha mradi chenye jina la mkandarasi na mhandisi, ulizeni kibali halmashauri siku hiyohiyo, na ikionekana mipasuko mipya, watu watoke kwanza.

Hesabu: pangeni kwa asilimia 60

Chukua mfano wa wanachama 240 wanaochangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 28,800,000 kwa mwaka. Msiipange hiyo. Wapo watakaohama, watakaofunga, na watakaosema wenzao hawajalipa. Pangeni kwa asilimia 60, yaani 17,280,000.

Walinzi wanne wa usiku kwa 250,000 kila mmoja kwa mwezi ni 12,000,000 kwa mwaka. Kusafisha mtaro mara mbili, 1,200,000 kila mara, ni 2,400,000. Mafunzo ya moto na rangi ya mistari, 600,000. Ofisi, uchapaji na ukaguzi wa hesabu, 480,000. Inabaki 1,800,000, na hiyo ni akiba ya dharura ambayo haiguswi bila saini za watu watatu. Bei za kwenu zitakuwa tofauti. Utaratibu wa kuanza na mishahara ya walinzi usibadilike, kwa sababu mlinzi asiyelipwa miezi miwili anaondoka kimyakimya au anaanza kulala.

Michango ipite kwenye Lipa Namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Ikiwa ni namba ya mweka hazina binafsi, hata akiwa mwaminifu kupita wote, siku akiugua au akigombana na mwenyekiti hela zimekwama. Kila mwisho wa mwezi bandikeni orodha ya waliolipa. Ya wadaiwa msiibandike. Inaleta ugomvi na haileti hela. Anayekuta jina lake halipo atakuja mwenyewe.

Malalamiko yawe na karatasi

Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo kuhusu masuala ya kodi, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Mkutano kama huo ukitokea, anayesikilizwa ni mwenye mifano. Wekeni daftari la malalamiko mwaka mzima: tarehe, saa, ofisi iliyokuja, alichoombwa mwenye duka, karatasi aliyopewa, namba ya risiti. Matukio 40 yaliyoandikwa hivyo yana uzito kuliko sauti 400 uwanjani. Na nakala ya kila barua mnayopeleka ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri, barua hiyo haikwenda.

Mkutano mkuu

Fanyeni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, Jumapili asubuhi. Tangazo na rasimu ya mpango zitoke siku 14 kabla, au zaidi kama katiba yenu inadai hivyo. Rasimu isizidi kurasa mbili na shughuli zisizidi sita. Ya saba ndiyo inayokula muda wa sita za kwanza. Angalieni akidi kabla ya kufungua kikao, na muhtasari usainiwe siku hiyohiyo, kwa sababu benki na Msajili wa Jumuiya watauomba. Ada ya mwaka na taarifa kwa Msajili ziwe na jina la mtu na tarehe. Jumuiya iliyofutwa haiwezi hata kubadilisha watia saini wa akaunti yake.

Kila shughuli iwe na jina la mtu mmoja. "Kamati ya usafi" haipigiwi simu. Bandikeni ukurasa wenye safu tatu, kazi, mhusika na tarehe, kwenye ukuta ambao wapagazi na wauza chai wanaupita pia. Kila baada ya miezi mitatu kateni mstari juu ya kilichofanyika, na kwa kisichofanyika andikeni sababu mbele yake kwa kalamu nyekundu. Agosti ijayo, karatasi hiyo ndiyo mnayokwenda nayo barabarani pamoja na daftari jipya.