Mtoto mwenye pumu akienda kambini Sipi: jinsi ya kupanga mbio zake

Sipi iko Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, na huko ndiko walikotoka wanariadha wa mbio ndefu Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei. Kumleta mtoto huku halafu abaki hemani wakati ndugu zake wanakimbia ni kumuumiza bure, kwa sababu pumu iliyotulia haimzuii kukimbia. Mwinuko wa Sipi, karibu mita 1,800, kwa kawaida si tatizo kubwa. Yanayomkamata ni baridi ya alfajiri, moshi wa jioni, na zile dakika kumi baada ya kusimama.

Anzeni wiki tatu kabla ya safari. Angalieni mwezi uliopita: kama alihitaji pampu ya buluu (ile ya kuvuta akibanwa) zaidi ya mara mbili kwa wiki, au kikohozi kilimwamsha usiku, pumu haijatulia. Apelekwe kliniki, na kambini atembee tu. Kama ana dawa ya kuvuta kila siku, mfano beclometasone, isikatizwe. Hiyo hupunguza uvimbe wa njia za hewa polepole, kwa siku na wiki, kwa hiyo kuikumbuka usiku wa kuamkia safari hakusaidii. Ya buluu, salbutamol, hufungua njia kwa saa chache tu.

Bebeni pampu mbili za buluu. Pampu mpya kwa kawaida ina mibonyezo 200, na nyingi hazina kihesabu. Bandikeni plasta ubavuni mchore mstari kila inapotumika. Kuitikisa sikioni au kuielesha majini hakusemi kweli, maana gesi hubaki ndani hata dawa ikiisha. Isiachwe juu ya dashibodi njiani, jua la Iganga na Mbale litaipasha kupita kiasi.

Sasa chupa ya kukaa kati ya pampu na mdomo, ili dawa ifike mapafuni. Pampu ikibonyezwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni, hasa kwa mtoto anayehema. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako chake, uchore umbo lake kwa kalamu. Kunja waya ufuate umbo hilo, upashe moto hadi uwe mwekundu, uchome tundu. Liwe la kubana; likiwa pana dawa huvuja pembeni, basi ziba kwa gundi au plasta. Toa mabaki ya plastiki, osha ndani kwa sabuni ya vyombo, uinamishe ikauke yenyewe. Usiifute ndani: plastiki ikisuguliwa hupata umeme tuli na dawa hunata kwenye chupa. Futa sabuni kwenye mdomo wa chupa tu, pale atakapoweka midomo yake. Kutumia: tikisa pampu, ingiza mdomo wake kwenye tundu, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita midomo ikiwa imebana chupa. Tikisa tena kabla ya mbonyezo wa pili. Mibonyezo miwili kwa mpigo hupunguza dawa inayofika mapafuni.

Hema lisimame upande unakotoka upepo, mbali na jiko. Pikeni kwa mtungi mdogo wa gesi. Sigiri ya mkaa na kuni ndizo zinazoharibu usiku. Wengine wakitaka moto wa kuota, yeye asikae upande moshi unakokwenda. Dawa ya mbu ya kuchoma isiingie hemani kabisa, tumieni chandarua chenye dawa. Blanketi lililokaa sandukuni lianikwe juani kabla ya safari.

Kukimbia kuwe saa tatu asubuhi, jua likishapasha hewa na kabla ya mvua ya mchana. Kama daktari ameagiza, apate mibonyezo miwili dakika 10 hadi 15 kabla. Pampu iliyokaa siku kadhaa bila kutumika ibonyezwe kwanza hewani mara mbili hadi nne. Atembee na kukimbia polepole kwa dakika 10, akivuta hewa kwa pua. Pua huipasha na kuinyevusha. Siku ya kwanza kilomita mbili tatu zinatosha. Mtu mzima akimbie nyuma yake, pampu na chupa vikiwa kiunoni, si kambini. Mvua ikinyesha udongo wa Elgon huteleza vibaya, basi tembeeni.

Akimaliza, asikae chini ghafla. Atembee dakika 10, na mtu amtazame kwa robo saa, kwani kubanwa hufikia kilele baada ya kusimama. Kikohozi kikavu kisichoisha ndicho dalili ya mwanzo.

Akibanwa, aketi wima akiegemea mbele kidogo, asilazwe. Mbonyezo mmoja kupitia chupa kila baada ya nusu dakika hadi dakika nzima, isizidi 10. Mfunue shati umtazame: ngozi ikizama kati ya mbavu kila anapovuta pumzi, asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au mibonyezo 10 isipomtuliza, ondokeni. Mji wa Kapchorwa una hospitali, na Mbale kuna hospitali ya rufaa. Dakika 10 zikipita bila nafuu, rudieni dawa ndani ya gari. Kwa hiyo kabla ya kuweka hema, elewaneni na mwenye gari anayelala karibu, si boda boda pekee, na hakikisheni simu yake inashika mtandao pale mlipo.